Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Ukuta Ambao Hatukuujenga

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina, na mambo ya wanachama wapya yapo kwa katibu. Mimi nitatumia muda wangu kwa lile mnaloniuliza kila tukikutana dukani au kwenye misiba: michango ya ukuta iko wapi, na ukuta wenyewe uko wapi?

Fedha ziko benki. Ukuta haupo, na nina deni la kueleza, maana aliyeupigia debe mkutano uliopita ni mimi.

Tulijiambia hivi: masika yakija kijito kinafurika, basi tupandishe ukuta wa mawe upande wetu, kuanzia kwenye kalavati mpaka ile kona ya chini, tulale usingizi. Kabla ya kununua lori la kwanza la mawe tulimwomba mhandisi mmoja mstaafu apite nasi kijitoni. Alikuja na kamba ya kupimia na viatu vya mvua. Swali lake la kwanza lilinikwaza: "Ng'ambo wanakaa akina nani?" Mnawajua. Wengine tumeoleana nao. Maji ukiyazuia upande huu hayapotei, yanapanda na kumwagikia upande ule, na yanayobaki mkondoni yanawashukia wa chini kwa kasi zaidi. Wa ng'ambo nao wangejenga wao, mrefu kuliko wetu, nasi tungeongeza kozi mbili juu. Mashindano hayo hayana mshindi.

Kisha akatushusha kwenye kalavati, na hapo ndipo nilipoona aibu. Miaka yote tumetazama kingo, hatukutazama tundu. Mabomba yamejaa mchanga karibu nusu, juu yake chupa, magunia na godoro la mtu. Akatueleza kwamba bomba lenye kipenyo mara mbili, kwa mteremko uleule, hupitisha maji zaidi ya mara sita. Sikuamini mpaka alipokaa juu ya jiwe akatukokotolea. Na bomba likizibwa nusu, linapitisha chini ya nusu ya maji yake. Aprili ikaja kututhibitishia: wale tuliokesha siku ile kubwa tuliona maji yakisimama kwanza pale kalavatini, ndipo yakaanza kurudi nyuma kuelekea majumbani. Ukuta wetu ungekuwa bwawa lililojengwa kwa michango.

Mtanisamehe nikitoka kidogo nje ya mtaa. Kijito chetu kinaingia mto Msimbazi, na Msimbazi unateremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe hadi baharini pale daraja la Salenda. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na wengi wa waliopoteza makazi bondeni wakapelekwa Mabwepande. Jangwani mnapajua: mvua ikikaza barabara inafungwa, na karakana ya mabasi ya mwendokasi imeshageuka ziwa mara kadhaa. Sasa kuna mradi wa kuendeleza bonde hilo, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 200 mwaka 2022. Kilichonivutia ni namna walivyopanga. Sehemu ya chini, kuanzia Barabara ya Kawawa hadi Salenda, mto unapanuliwa na kuongezwa kina, udongo unaotoka unainua ardhi ya pembeni, na daraja la Jangwani linajengwa upya kwa kuinuliwa. Mto unapewa nafasi kwanza, kingo zinafuata. Na hata hivyo bahari ina neno lake: mvua kubwa ikikutana na bamvu, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mto hayana pa kutokea haraka.

Kwa hiyo kamati imebadilisha mpango. La kwanza ni kalavati: tunaomba mabomba yaondolewe na kujengwa kalavati la boksi. Hilo ni la TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa kuwa barabara ni yao. Barua imeshapelekwa kupitia serikali ya mtaa. La pili ni kupanua mkondo kwa ngazi mbili: mfereji mwembamba katikati kwa maji ya kiangazi, ili yaendelee kusukuma mchanga, na pembeni uwanda mpana wa kupokea mafuriko, ambao kiangazi watoto watauchezea mpira kama sasa. Badala ya ukuta, tutakuwa na tuta sehemu moja tu, kwenye ile kona ya chini, tena litarudishwa nyuma badala ya kubandikwa ukingoni. Litakuwa la udongo wa mfinyanzi, likishindiliwa tabaka kwa tabaka, na nyasi za vetiva juu. Mchanga wa kijitoni haufai kwa kazi hiyo, unapitisha maji na kumomonyoka kwa ndani. Na mzee wetu anayetaka tupande miembe juu ya tuta, naomba radhi tena: mizizi ikifa inaacha mashimo, na maji hayahitaji shimo kubwa. Nyuma ya tuta lazima pawe na mtaro na mlango unaojifunga wenyewe mto ukijaa, vinginevyo mvua inayonyesha upande wetu itatuzamisha tukiwa tumejificha nyuma ya tuta letu. Kazi yoyote ndani ya mkondo inahitaji pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na hatutaanza bila hicho.

Sasa yale machungu. Uwanda huo wa pembeni ni ardhi, na ardhi ina wenyewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, na tukipima kwa haki wengi hapa hatutoki salama. Ukuta wangu wa uani umo. Nimekubali urudi nyuma, na sitamwomba mtu mwingine kabla wangu haujabomolewa. La pili ni mchanga. Wanaouchimba si wageni wote. Baadhi wamekaa humu leo. Kila lori linalotoka linachimbua miguu ya kingo, na nyumba mbili za juu zimebaki na msingi ukining'inia. Kamati haina polisi. Nawaomba tu mkae nasi baada ya kikao tuongee kama majirani.

Ninaloomba mkutano upige kura ni moja: michango ya ukuta itumike kulipia upimaji wa kijito chote, kuanzia juu hadi kinapoingia Msimbazi, pamoja na wenzetu wa ng'ambo, ambao wamekubali kuchangia nusu. Asiyekubali arudishiwe chake, mweka hazina ana daftari.

Kura iende vyovyote, Jumamosi ya kwanza ya Februari tunatoa mchanga kalavatini kabla masika hayajatukuta. Saa moja asubuhi. Makoleo kila mtu na lake. Viroba viko kwangu.