Jumamosi: Uasi wa Bacon, Virginia 1676
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tutajadili uasi ulioongozwa na Nathaniel Bacon dhidi ya Gavana Berkeley katika Virginia, koloni la Uingereza huko Amerika Kaskazini. Tuanze na kodi, vita baadaye. Kodi ilihesabiwa kwa vichwa, si kwa ukubwa wa shamba, na ililipwa kwa tumbaku iliyokuwa imeporomoka bei. Tangu 1670, asiye na ardhi wala nyumba hakupiga kura.

Tafadhali tusimfanye Bacon mtetezi wa wanyonge. Alikuwa tajiri, mjumbe wa baraza la Gavana Berkeley, na watu wake waliwaua Wapamunkey, wenyeji wa asili waliokuwa na amani na wakoloni.

Jamestown, mji mkuu wa koloni, ilichomwa na waasi 19 Septemba. Oktoba Bacon akafa kwa kuhara damu, uasi ukasambaratika. Waliogoma kusalimisha silaha mwishoni ni Waafrika wapatao 80 na watumishi Waingereza 20. Hapo tukae sana. Berkeley alinyonga watu 23.