Kinga Inayojua Kuachia

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio karibu nawe. Barua yako imenifikia pamoja na mchoro wa kinga ya mikono ya kufungwa kwenye usukani wa pikipiki, na nimeutazama mchoro huo jioni tatu mfululizo kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali uliloniuliza ni zito: je, kifaa hiki kimefikia hatua ya kukabidhiwa watu ili wakipandie pikipiki? Kwa umbo lake, ningesema ndiyo bila kusita. Kwa mambo mengine naomba univumilie, nawe usichoke kunisoma, maana haya ninayokuandikia niliyalipia kwa mkono wangu wa kushoto.

Umechora bomba la chuma lililopindwa kama upinde, likafungwa kwa kibanio chenye boliti kwenye ncha ya usukani upande wa nje, na kwa kibanio cha chuma upande wa ndani, karibu na pale usukani unapoanza kupinda. Mbele ya bomba umeweka ngao ya plastiki ya kuzuia upepo, mvua na vijiwe. Ni muundo imara, nao ndio uliokuwa muundo wangu wa kwanza, karibu kila kitu, hadi unene wa bomba. Niliuchomelea mwenyewe, nikaupaka rangi nyeusi, nikaupenda kwa muda wa wiki sita. Siku moja nilikuwa nikipunguza mwendo ili nikate kona yenye changarawe, mwendo wa mtu anayekimbia tu, gurudumu la mbele likateleza na pikipiki ikalala upande wa kushoto. Mtu anapoanguka, mwili wenyewe huamrisha mkono uachie usukani na utangulie. Mkono wangu ulitii amri hiyo, lakini vidole vilikuwa bado juu ya wenzo wa klachi, na nafasi iliyobaki kati ya wenzo na bomba haikutosha kupitisha kiganja kilichovaa glavu. Pikipiki ikashuka, nayo ikashuka na mkono wangu. Kifundo kiliteguka vibaya, na kwa wiki tano sikuweza hata kufungua kifuniko cha chupa. Wenzo wa klachi haukupata mkwaruzo wowote. Kinga yangu ilikuwa imeilinda pikipiki na kumwumiza mwenye pikipiki.

Tangu siku hiyo, kila ninapobuni kitu cha kufungwa kwenye pikipiki, swali la kwanza ninalojiuliza ni namna kitakavyofanya wakati wa kuanguka, na ndipo nifikirie namna kitakavyofanya wakati wa kwenda. Tunaobuni vifaa hivi huvutwa sana na uimara, na tunaposhika kitu kisichopinda mkononi tunahisi kwamba kazi imefanyika vyema. Ila kitu kisichopinda kabisa hakimezi nguvu ya pigo. Hukipitishia kile kilicho nyuma yake, na nyuma yake pana mifupa midogo ya mkono.

Wazo hili lina historia ndefu katika upande wa helmeti, nami naona afadhali nikukumbushe. T. E. Lawrence, yule afisa na mwandishi wa Uingereza, alipofariki mwezi Mei mwaka 1935, siku sita baada ya kuanguka na pikipiki yake bila helmeti, daktari kijana wa upasuaji wa ubongo aitwaye Hugh Cairns alikuwa miongoni mwa waliomhudumia. Cairns hakuliacha jambo hilo lipite. Mwaka 1941 alichapisha utafiti wake kuhusu majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa helmeti. Baadaye, mwaka 1953, Profesa C. F. Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya helmeti yenye tabaka la ndani linalobonyea likapoteza nguvu ya pigo, badala ya gamba gumu lenye kitambaa laini tu ndani yake. Tabaka hilo linapobonyea halirudi tena katika hali yake, na ndiyo sababu helmeti iliyogongwa sana haifai kuvaliwa tena hata kama kwa nje inang'aa.

Hebu piga hesabu nami kidogo. Helmeti ikigonga kwa kasi ya mita 7.5 kwa sekunde, kasi iliyotumika kwa miaka mingi katika majaribio ya Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa kuhusu helmeti, na tabaka la ndani likabonyea milimita 30 kabla ya kichwa kusimama, kichwa hicho husimamishwa kwa nguvu ya wastani inayokaribia mara 95 ya uzito wake. Tabaka hilo likibonyea milimita 3 tu, nguvu inakuwa mara kumi ya hiyo, na hakuna ubongo unaostahimili. Tofauti yote iko katika milimita 27. Kwa hiyo ninapotazama bomba lako la chuma, najiuliza: milimita za kubonyea ziko wapi?

Mimi niliishia kuligawanya tatizo sehemu mbili. Ngao niliitengeneza kwa plastiki inayonepa na kurudi, ile inayokunjwa mara nyingi bila kukatika, wala si ile ngumu inayopasuka vipande vyenye makali. Uti wa mgongo wa ngao niliubakiza kuwa wa chuma, lakini mwembamba, na upande wa ndani nikaufunga kwa boliti ya nailoni badala ya ya chuma. Pikipiki ikianguka ikiwa imesimama, boliti ya nailoni hustahimili na wenzo hubaki salama. Ikianguka kwa nguvu, au mkono ukinaswa na kuvutwa, boliti hukatika na upinde wote hufunguka kuelekea mbele kama mlango. Nilikata boliti kumi na nne kabla ya kupata unene ulionitosheleza, na sijutii hata moja. Ningependa ufanye vivyo hivyo, kwa sababu unene wangu hautakufaa: urefu wa upinde wako ni mwingine, na uzito wa pikipiki yako pia ni mwingine.

Sasa niingie kwenye ncha ya usukani, mahali ambapo mchoro wako umenitia hofu zaidi kuliko kwingine kote. Upande wa kulia, mkono wa mafuta, yaani kile kishikio kinachozungushwa ili kuongeza mwendo, lazima uzunguke bila kuguswa na chochote. Umechora kibanio cha nje kikiwa kimeubana mkono huo barabara, bila upenyo hata wa karatasi. Ukikaza boliti yake, raba ya mkono wa mafuta itasukumwa ndani kidogo, itasugua kibanio, na siku ya joto au ya vumbi mkono wa mafuta utabaki pale ulipouzungushia baada ya kuuachia, injini iendelee kuvuta huku mpandaji akitaka kusimama. Acha upenyo wa milimita 2 au 3. Kisha uwashe injini, uzungushe mafuta kidogo na uachie ghafla, mara nyingi, usukani ukiwa katikati, ukiwa umekatwa kushoto hadi mwisho, na ukiwa umekatwa kulia hadi mwisho. Kibanio cha ndani nacho kinaweza kuibana waya ya mafuta usukani unapokatwa, na waya ikivutwa hivyo injini hupanda yenyewe. Mpandaji anayegeuza pikipiki mahali pembamba ndiye atakayeligundua kosa hilo, kama wewe hukuligundua kwanza.

Kuna njia rahisi ya kujua kama vitu vinagusana. Paka chaki kwenye ncha za nyenzo za breki na klachi, kwenye kona za kibanio na kwenye pembe za ngao, kisha zungusha usukani taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, huku ukibana breki na klachi kwa zamu. Halafu chukua tochi, ukague tangi, waya, mpira wa breki na taa ya mbele. Palipo na alama nyeupe pamegusana. Katika jaribio langu la pili nilikuta alama moja ndogo kama ukucha ubavuni mwa mpira wa breki, mahali ambapo jicho langu lilikuwa limepita mara ishirini bila kuona kitu.

Kuhusu mtetemo, umeniuliza kama uzito wa kinga utapunguza ganzi ya vidole. Unaweza kuipunguza, na unaweza pia kuiongeza. Injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huitikisa fremu mara 100 kila sekunde, na usukani nao una mwendo wake wa asili wa kutikisika. Mienendo hiyo miwili ikilingana, ndipo mikono inapokufa ganzi. Uzito mzuri kwenye ncha huuteremsha mwendo wa asili wa usukani, lakini ukikosea unauteremsha hadi kwenye kasi ileile ambayo mtu huiendesha kwa saa nzima. Tazama vioo vya pembeni: panda polepole kutoka mwendo mmoja hadi mwingine, na kumbuka ni wapi picha ya barabara iliyo nyuma inageuka ukungu. Fanya hivyo bila kinga, kisha ukiwa nayo. Kama ukungu umehamia kwenye mwendo wako wa kila siku, badili uzito. Na kile kishikio cha simu unachotaka kukiongeza juu ya kibanio, kitenganishe na usukani kwa raba. Kampuni ya Apple yenyewe iliwatahadharisha wateja wake mwaka 2021 kwamba mitetemo mikubwa ya injini za pikipiki inaweza kudhoofisha kamera za simu zake.

Naona umeandika pembeni mwa mchoro kwamba ungeweza kuipanua ngao ikafika hadi mabegani. Usifanye hivyo. Nguvu ya upepo huwa mara nne mwendo unapokuwa mara mbili, na kitu kipana kilichofungwa kwenye usukani huupeleka upepo huo moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, hivyo gari kubwa likikupita usukani unageuzwa na mkono usio wako. Craig Vetter wa Marekani, aliyepata jina miaka ya 1970 kwa kinga-upepo yake iitwayo Windjammer, aliifunga kwenye fremu na kuuacha usukani huru. Ukitaka kinga-upepo ya kifua, iwe kifaa kingine kabisa, na kifungwe kwenye fremu.

Kuhusu rangi, sina mengi. Uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt katika chuo kilekile cha Lombard, uliochapishwa mwaka 1981 baada ya kukagua ajali zipatazo 900, ulionyesha kwamba mara nyingi dereva wa gari hukata njia ya pikipiki kwa kuwa hakuiona. Mikono iko mbele na iko juu, kwa hiyo ngao ni mahali pazuri pa utepe unaorudisha mwanga. Uwe mweupe kwa mbele, kamwe usiwe mwekundu, kwa sababu mwekundu humwambia mtu kwamba anatazama nyuma ya chombo.

Ulisema katika barua yako kwamba wengine wanakucheka kwa kujishughulisha na starehe ya mpandaji wakati kuna mambo ya usalama. Mimi nakuomba usiwasikilize. Mikono iliyolowa na kukakamaa kwa baridi huchelewa kubana breki. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, pikipiki hupita karibu mita 17 kila sekunde, na nusu sekunde ya vidole vizito ni mita 8 za barabara ambazo hazitarudi. Ngao yako, hata ikiwa haifanyi lolote ila kuviweka vidole vikavu, tayari imefanya kazi ya breki. Hicho ndicho kilichonifanya niipende kazi hii tangu mwanzo, na ndicho kinachonifanya nikuandikie kwa urefu hivi.

Kabla hujachomelea nyingine, nifanyie mambo haya. Pima nafasi kati ya wenzo ulioachiwa kabisa na upinde, ukiwa umevaa glavu nene kuliko zote ulizo nazo. Mwombe pia mtu mwenye mikono midogo na mwingine mwenye mikono mikubwa waketi, wafumbe macho, washike usukani, na uwaambie ghafla waachie. Utazame kama mkono unatoka bila kugusa chuma. Kisha ilaze pikipiki juu ya godoro kuukuu mara kumi kila upande, uangalie ni kitu gani kinachotangulia kupinda. Ikiwa kinachopinda kwanza ni usukani, bomba lako ni nene mno.

Niandikie vipimo hivyo, hata kama havikupendezi, na unitumie mchoro wa kibanio cha kulia peke yake, mkubwa, ukionyesha upenyo wa mkono wa mafuta. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea boliti mbili za nailoni zilizokatika, moja kwa kuanguka na nyingine kwa kuvutwa na mkono. Zitazame kwenye mwanga mzuri. Mikato yake haifanani, na nadhani utaona mara moja ipi ni ipi.

Wasalaam,
Akupendaye daima, rafiki yako