Mwaka ulioandikwa kwenye chupa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu likeri za Ulaya, yaani pombe kali tamu zenye ladha ya mimea, iliziweka Chartreuse na Bénédictine kapu moja, eti zote ni pombe za watawa. Moja ndiyo. Nyingine ni ya mfanyabiashara hodari wa kutangaza.

Bénédictine ilianza 1863, pale Alexandre Le Grand, muuza mvinyo wa Fécamp, Ufaransa, alipoitoa akidai ameikuta fomula ya mtawa Bernardo Vincelli ya mwaka 1510. Habari hiyo chanzo chake ni yeye mwenyewe, na wakati huo monasteri ya Fécamp ilikuwa imefungwa tangu enzi za Mapinduzi ya Ufaransa. Kinywaji chenyewe si cha kubeza: kina mimea na viungo 27, vikiwemo karafuu, mdalasini, basibasi, zafarani na manemane. Ila "1510" ni mwaka wa simulizi, haukuwa mwaka wa biashara.

Chartreuse ndiyo ya watawa: Wakartusi, shirika la watawa wa Kikatoliki, walikabidhiwa hati ya dawa yao mwaka 1605. Ilikuwa na mambo mengi mno, hata kufika 1737 ndipo mtawa mfamasia wa monasteri yao kuu, karibu na Grenoble, alipoipanga ikatengenezeka: mimea 130, kilevi asilimia 69. Chartreuse ya kijani, asilimia 55, ilitokana na hiyo. Ya njano ilifuata 1838. Mwaka 1903 serikali ya Ufaransa iliwafukuza watawa hao, ikataifisha kiwanda na jina. Kampuni iliyonunua jina haikupata fomula. Ikauza ya kuiga, ikafilisika 1929. Watawa walikuwa wamehamia Tarragona, Hispania, wakitengeneza ya kweli.

Tena hata orodha ya mimea peke yake isingeiokoa kampuni ile. Mimea huloweshwa kwenye spiriti, kisha hukenekwa taratibu, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe matone. Matone ya kwanza, makali puani, hutengwa. Ya mwisho pia, maana hubeba mafuta mazito na harufu ya majani yaliyopikwa. Anayezidisha moto au kuchelewa kuyatenga matone ya mwisho huyaingiza mafuta hayo. Hataona kosa papo hapo, kwa sababu spiriti kali huyayeyusha. Akishaongeza maji na sukari kupunguza ukali, mafuta hujitenga na kinywaji chote huwa cheupe kama tui. Kinachotoka mtamboni hakina rangi: ukijani wa Chartreuse hutokana na mimea inayoloweshwa baadaye, na chupa ikiachwa juani hupauka.

Mwisho, jedwali lenu la likeri, mlimoiweka konyaki. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, likeri kwa kawaida iwe na sukari gramu 100 au zaidi kwa lita, na kilevi kisichopungua asilimia 15. Konyaki ni mvinyo uliokenekwa na kukomazwa kwenye mapipa ya mwaloni. Iondoeni humo.

Msomaji,
Arusha