Daktari Tom wa Milima ya Nuba anastahili shukrani zetu

Mhariri,

Kila nisomapo habari za vita vilivyozuka nchini Sudan mwezi wa Aprili 2023, macho yangu hulitafuta jina la Gidel, na aghalabu silioni. Gidel iko katika Milima ya Nuba, jimbo la Kordofan Kusini, na hapo ndipo anapofanya kazi Daktari Tom Catena, Mmarekani ambaye kabla ya kwenda kwa Wanuba alitutumikia sisi watu wa Mutomo, nchini Kenya. Naomba nafasi katika ukurasa wako nimshukuru angali hai, kwa kuwa tumezoea kungoja matanga ndipo tuzitaje fadhila za mtu.

Asiyeijua Mutomo na afahamu kwamba ni sehemu kame ya Kitui Kusini, ambako maji hufukuliwa katika mchanga wa mto mkavu na kwenda hospitali ni safari. Nilipokuwa mtoto, ndugu yangu alipandwa na homa kali usiku hadi akaingiwa na degedege. Mama alikaa kwenye karia ya baiskeli amemfunga mtoto kifuani kwa leso, jirani akaisukuma, na baba akatangulia na kurunzi iliyokuwa ikififia, hadi kulipopambazuka. Ndugu yangu alipona katika hospitali ya misheni ya Mutomo. Daktari Tom alikuwa hajafika wakati huo, lakini ni hospitali hiyo hiyo aliyokuja kujitolea mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya kuhamia Hospitali ya St. Mary's jijini Nairobi, na tangu nilipolijua hilo nimejiona mdeni wake.

Mwaka wa 2008 aliondoka Nairobi kwenda Gidel, katika hospitali ya Mother of Mercy iliyojengwa na Askofu Macram Max Gassis, na kwa miaka mingi akawa ndiye daktari pekee mwenye makao ya kudumu katika eneo lenye mamia ya maelfu ya watu. Vita vya awali, kabla ya hivi vya 2023, vilipofika huko Juni 2011, na wageni wengi wakaondolewa kwa usalama wao, yeye alikataa kuwaacha wagonjwa. Ndege za Antonov, ambazo jeshi la Sudan lilizitumia kuangusha mabomu, ziliposikika, watu walikimbilia mahandaki yaliyochimbwa ndani ya uwanja wa hospitali. Hebu tuwaze hali ya mgonjwa aliyetoka kukatwa mguu, asiyeweza kukimbia popote, na tuwaze pia daktari anayemtazama. Mei 2014 mabomu yaliangushwa kwenye hospitali yenyewe, na kazi ikaendelea. Tuzo ya Aurora, ya kimataifa kwa wanaookoa maisha ya wengine, aliyopewa mwaka wa 2017 ilimstahili, ingawa tuzo za aina hiyo hutolewa mbali sana na wadi.

Jambo ninalotaka hasa wasomaji walione ni kwamba mtu huyu amesomea udaktari wa familia. Hapa kwetu, mwanafunzi akisema anataka kuwa daktari wa familia, watu humwuliza kwa nini asiwe bingwa wa moyo au wa ubongo, kana kwamba kutibu watu wa kila umri na kila maradhi ni kazi ya aliyekosa pa kwenda. Ilhali katika hospitali yenye vitanda zaidi ya 400, ambayo barabara zake hukatika masika, daktari huyo huyo ndiye anayemzalisha mama asubuhi, anayemtibu mwenye ukoma adhuhuri, na anayetoa vipande vya bomu katika tumbo la mtoto usiku. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifunza taaluma hii tangu 2005. Ningependa kuona serikali za kaunti kame zikiwaajiri wahitimu wake, zikawapa nyumba nzuri na mshahara unaofika kwa wakati, ili wakae miaka kumi na ishirini mahali pamoja, wawajue wagonjwa wao kwa majina na kwa mababu zao.

Wapo wauguzi, matabibu na wafagizi wa wadi, wa Mutomo na wa Nairobi, waliofanya kazi bega kwa bega na Daktari Tom, na wengine wao sasa wamestaafu. Nawaomba waliandikie gazeti hili wanayoyakumbuka, nawe Mhariri nakuomba uwape nafasi.

Msomaji wako,
Kitui Kusini