Yurea kwenye bustani za nyasi Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mbolea ya yurea inayomwagwa kwenye bustani za nyasi hapa Tanga, hasa mahotelini na majumbani kule Raskazone. Kupendezesha mji ni jambo jema, lakini gesi zinazotoka kwenye nyasi hizo hazisemwi.

Yurea ina naitrojeni asilimia 46. Ikiachwa juu ya udongo kwenye jua, sehemu yake hugeuka amonia na kupotea hewani. Kibaya zaidi ni kuimwaga kwa wingi masika yakikaribia: udongo ukishatota hukosa hewa, na bakteria huigeuza naitrojeni kuwa naitrasi oksaidi, gesi inayoipasha dunia joto takriban mara 270 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Nimeona punje nyeupe zimelundikana kwenye ukoka, nyingine zimetapakaa hadi kwenye lami. Hiyo ni fedha ya mtu inapotea bure!

Naishauri Halmashauri ya Jiji iwaelekeze watunza bustani, ikianza na wa kwake: mbolea iwekwe kidogo kidogo, imwagiliwe maji kiasi papo hapo, na nyasi zilizofyekwa ziachwe zioze palepale, kwani nazo hurudisha naitrojeni ardhini.

Mkazi wa Tanga