Mdogo wangu, bakuli la liwa nililishika mimi

Mdogo wangu,

Simu yangu hupokei na meseji zinabaki na tiki moja. Basi naandika hapa, mbele ya wasomaji wangu, maana najua huwa unapita. Wifi yetu aliniambia wewe ndiye uliyemtumia ile niliyoandika mama alipofariki.

Nianze na zile chupa. Nimesikia umenunua tena dawa ya chango ya kusafisha kizazi, Kariakoo, chupa tatu kwa shilingi 105,000, na kwamba hujaona siku zako tangu Ramadhani. Mara ya mwisho ulipokaa miezi mitano, damu ilipokuja ilikaa siku 18, ukawa unaenda kazini na kanga ya akiba kwenye mkoba. Nisikilize hapa hata kama kwingine kote hutaki kunisikia. Ninavyoona mimi hii ni PCOS, homoni kuvurugika mpaka yai linashindwa kupevuka. Yai lisipopevuka, ukuta wa ndani wa kizazi unaendelea kunenepa bila kumwagika. Ukiachwa hivyo miaka nenda miaka rudi, unaweza kuzaa saratani. Ndiyo maana madaktari wanataka hedhi isikawie sana, hata kama ni kwa kuiita na vidonge kila baada ya miezi mitatu. Hakusafishwi kitu. Hakuna uchafu ndani yako.

Neno hilo nilipaswa kulisema mwaka 2022, chumbani kwa mama, Magomeni, siku ya singo ya harusi yako.

Umekaa mkekani, kanga umeifunga kifuani, somo anakusinga. Mgongo, mabega, mikono, wanawake wanaimba. Akafika shingoni. Pale nyuma, ule weusi, ngozi imenenepa na kulainika kama mahameli. Akaongeza liwa. Hautoki. Akakamulia ndimu, akachukua dodoki. "Mtoto mzuri, ila shingo haijui maji." Wakacheka. Shangazi akasema asugue vizuri, ukweni wasije wakaona. Alisugua mpaka ukachubuka, na ile ndimu ikaingia kwenye michubuko. Niliona vidole vyako vya miguu vikijikunja. Hukulia. Uliinua macho ukanitazama mimi, niliyesimama mlangoni na bakuli la liwa, ushungi nimeukaza mpaka chini ya kidevu.

Chini ya ushungi ule shingo yangu ilikuwa kama yako.

Nilijua. Tangu 2018 nilijua. Daktari alinigeuza kichwa, akapitisha kidole shingoni, akaniambia hii si nongo, hii ni insulini, homoni inayoongoza sukari mwilini. Mwili ukiwa hauitikii insulini vizuri, kongosho linamwaga nyingi zaidi, na ikizidi inafanya ngozi ya shingoni na makwapani inenepe na kuwa nyeusi. Inakwenda pia kwenye ovari, inazichochea zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Hapo ndipo zinapotoka ndevu za kidevuni na zile chunusi za taya ulizokuwa unazipaka dawa ya meno, na ndipo yai linaposhindwa kupevuka. Ndiyo hiyo PCOS. Na vile vifuko vinavyoonekana kwenye altrasaundi visikutishe, si uvimbe wa kukatwa. Ni vijumba vidogo vya mayai, milimita chache, vilivyoanza kukua vikasimama njiani.

Tena mtu anaweza kuwa nayo na picha yake isioneshe kitu. Wataalamu walikubaliana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 kutazama mambo matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vijumba vingi. Ukiwa na mawili, na matatizo mengine, kama ya tezi ya thairodi na homoni ya prolaktini, yakapimwa yakaonekana hayapo, jibu ndilo hilo. Wewe hedhi zako hazifiki nane kwa mwaka, na kidevu chako nakijua. Sikuhitaji altrasaundi kukutambua.

Mle chumbani tulikuwa wanawake zaidi ya ishirini. Hali hii inampata takriban mmoja katika kila wanawake kumi walio katika umri wa kuzaa, na Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya walio nayo hawajijui. Mimi nilikuwa najijua. Tofauti yangu na wale waliocheka ni hiyo tu, nami nikakaa kimya.

Unataka kujua kwa nini. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pale kitandani. Mwanangu alikuwa na miaka miwili, na ukweni kote walikuwa wanasema ni dua zake yeye ndizo zilizojibiwa. Miaka minne kabla ya hapo nilipigwa mafumbo ya mti usiozaa, wewe ulikuwa bado shule. Ningefungua mdomo siku ile ningejianika mwenyewe, na wewe ungeingia ndoani na jina la ugonjwa mgongoni. Nilikuwa nakulinda. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na bado siku nyingine naamka nikiamini hivyo.

Lakini usiku ule ulinifuata jikoni. Shingo umeipaka mafuta ya nazi, inakuwasha. Ukaniuliza, "Dada, wewe mtoto ulimpataje?" Nikakujibu, "Kumuomba Mungu tu."

Mungu nilimuomba, sikudanganya hapo. Lakini nilimeza metformini, dawa ya kuusaidia mwili uitikie insulini, mwaka mzima, kisha letrozoli, ya kupevusha yai, siku tano za mwanzo wa mzunguko, mizunguko mitatu, na wa tatu ndio ukanipa mtoto. Hilo nilikunyima. Umekaa ndoani ukiomba na kusubiri, unajiona Mungu amemchagua dada yako akakuacha wewe.

Lakini na wewe. Arobaini ya mama tulikuwa tunagawana kanga zake, ukakuta faili langu chini ya sanduku. Ulijua ni langu, jina lipo juu. Ukalisoma kwa sauti mbele ya shangazi, mbele ya majirani, kilo zangu, tarehe zangu, mpaka pale daktari alipoandika habari za nywele za kidevuni. Ungeniita pembeni unitukane utakavyo. Lile faili mama alinifichia kwa sababu kwangu halikuwa na pa kukaa, wewe ukalitoa na kanga zake. Wasomaji mnisamehe, haya ni ya kwetu, ila hana pengine pa kuyasikia.

Umeiangalia lakini ile picha ya mama ya harusi ya kaka? Ule weusi tulioita alama ya mkufu. Mama alianza na shingo, akaja na sukari, sukari ikamkata mguu. Hali hii inatembea kwenye ukoo, na sisi tulio nayo tuko karibu na kisukari kuliko wanawake wengine. Kwa hiyo kuninunia ninunie, lakini kupima utapima.

Na acha kujishindisha njaa. Hukuambiwa uache ugali. Kula dona kidogo, mboga ijaze nusu ya sahani, soda ndiyo uiache kabisa, na tembea. Kilo chache tu zikipungua, hedhi inaweza kuanza kurudi. Akikwambia mtu ni unene wako, mwambie wembamba wanayo pia. Na mumeo naye akapime mbegu. Miaka yote hii mama yake anahesabu miezi yako, yeye hajawahi kukanyaga maabara.

Jumamosi nimekupangia kile kipimo cha sukari cha kunywa glukosi, gramu 75; unatolewa damu kabla, unakaa saa mbili, unatolewa tena. Ijumaa usile kitu kuanzia saa nne usiku, hata chai usinywe. Maji ruksa. Zile chupa za chango zije, daktari azione. Nitakuwa kituo cha mwendokasi cha Magomeni Mapipa kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande ule tuliokuwa tunamsubiria mama. Nitakaa mpaka saa mbili. Nitakuja na mayai mawili ya kuchemsha, ya kula ukishatolewa damu ya pili.

Dada yako.