Leso Juu ya Mikono

Kuze, Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Baada ya salamu, sisi huku ni wazima, hofu ni juu yako na baridi ya Eldoret. Baba yako anakusalimu sana. Barua hii ina jambo moja tu, nalo nimekaa nalo moyoni tangu ulipokuja likizo.

Usiku ule uliokuwa ukimalizia ripoti yako mezani, mimi nilikuwa upande wa pili nachambua mchele. Nikakutazama. Shingo umeikunja, macho yako kwenye kibodi, vidole viwili vinadonoa kama kunguru. Unadonoa, unainua macho kutazama kioo, unakuta ulikosea mistari miwili nyuma, unarudi kufuta. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umechoka. Leo sinyamazi: nataka ujifunze kupiga taipu bila kutazama kibodi.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kupimwa presha. Daktari alikuwa kijana wa rika la kaka yako, na adabu zake nzuri. Alinikaribisha, akaniuliza maswali, kisha akainamia kompyuta. Nikamwambia kifua chanibana nikipanda ngazi, yeye anatafuta herufi. Nikamwambia usingizi hauji, anatafuta herufi. Robo saa nzima nilisema na utosi wake. Nilipofikia lile lililonipeleka hasa, lile ambalo mwanamke wa umri wangu hulisema kwa kuona haya, nilimkuta bado yuko kwenye neno la nyuma, nikalimeza. Nilitoka na dawa ya presha, na lile jengine nikarudi nalo nyumbani. Usishituke, nimeshakwenda kwa mwengine na si kubwa.

Yule kijana ana moyo mzuri, mikono yake ndiyo haikufundishwa. Nikiwa kwenye tuktuk narudi, nikakufikiria wewe. Miaka michache tu, Mungu akipenda, utakuwa umekaa kwenye kiti kile, na mbele yako amekaa mama wa mtu.

Mimi nilijifunza taipu mwaka 1988, kwenye chumba cha ghorofani Barabara ya Digo. Taipureta kumi na mbili, feni moja, na mwalimu mwenye miwani ya kamba. Siku ya kwanza alituambia kwamba miaka 100 kamili kabla ya darasa letu, mwaka 1888, huko Cincinnati Marekani, watu wawili walishindana kupiga taipu. Mmoja, Louis Traub, alikuwa akitazama vibonye. Wa pili, Frank McGurrin, alikuwa karani wa kuandika kesi mahakamani, naye alishaihifadhi mashine yote kichwani, kila kidole na herufi zake. McGurrin akashinda, tena kwa mbali. Kisha mwalimu akafungua kabati, akatoa leso kuukuu, akatufunika mikono mmoja mmoja. “Sasa andikeni,” akasema.

Mwanangu, nililia wiki ile. Nilikuwa nimezoea kupiga kwa vidole viwili na nikijiona hodari, kumbe chini ya leso nikawa kama mtoto anayejifunza kutembea. Kasi yangu ikaanguka kabisa. Hapo ndipo wengi huacha, na nataka ulijue hili mapema: kwa wiki mbili tatu utakuwa mzito kuliko ulivyo leo. Vumilia. Usirudi kudonoa hata ukiwa na haraka, maana kila ukirudi unavifundisha vidole ile njia ya zamani.

Papasa kibodi yako sasa hivi. Kwenye F na J utakuta vijistari vidogo vilivyoinuka. Hapo ndipo pa vidole vya shahada, cha kushoto kwenye F, cha kulia kwenye J, na vyengine vijipange kando yake mstari ule ule wa kati. Gumba ni la nafasi. Kila kidole kikitoka kwenda kupiga, kirudi kwake. Ndiyo siri yote, na ndiyo sababu ya vile vijistari: mikono ijue nyumbani bila ya jicho kuulizwa.

Mashine hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili. Sisi herufi tunayoitumia zaidi ni A, haipiti nusu sentensi hujaipiga mara sita saba, nayo wameiweka chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Q na X zimekaa hapo bure tu. Kwa hiyo kile kidole kifanyishe mazoezi zaidi. Andika “sasa” na “dada” utauona mkono wa kushoto unavyochoka peke yake. Kisha andika “mama”: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Hilo neno nililiandika kurasa nzima, na hata leo nikitaka kuvipasha vidole moto ndilo ninaloanza nalo.

Kasi isikusumbue. Watakwambia fulani hupiga maneno 40 kwa dakika, lakini “neno” katika hesabu yao ni mapigo matano, nafasi ikiwemo. Nikikuandikia “tumekukumbuka” tu, hapo nimeshapita maneno mawili na nusu. Wewe tafuta kutokosea kwanza. Dakika ishirini kila siku baada ya alfajiri zitakufaa kuliko Jumamosi nzima.

Najua utasema siku hizi simu huandika yenyewe ukiisemesha. Sawa, lakini mgonjwa wako atataka maradhi yake yatangazwe wodini? Na utasema una kasi kwa vidole gumba. Kwenye simu ni kweli, nimekuona. Ripoti ya kurasa ishirini haiandikwi kwa gumba.

Taipureta zenyewe zimekwisha. Nilifanya kazi Shimanzi, ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, tukiandika orodha za shehena na karatasi nne za kaboni nyuma yake, za kutoa nakala. Ukikosea herufi moja unafuta mara tano. Kompyuta zilipoingia wenzangu waliogopa. Mimi nilikaa, nikaweka vidole mstari wa kati, na herufi zote zikawa mahali pale pale. Mpangilio ule ulianza kwa Christopher Sholes wa Milwaukee, kwenye mashine zilizotoka kiwandani kwa Remington mwaka 1874, na laptopu yako inaufuata mpaka leo. Nilipoacha kazi kukulea wewe na ndugu zako, nilikaa miaka bila kugusa kibodi. Vidole havikusahau hata herufi moja.

Na sijakwambia lililo kubwa. Bibi yako, Mungu amrehemu, mwaka wake wa mwisho alitaka ukoo uandikwe: nani kazaliwa na nani, nani alitoka Lamu kwa jahazi, nyumba hii ya Kuze ilijengwa na mkono wa nani. Nikaazima kompyuta ya mjomba wako, nikaiweka mapajani, nikakaa mbele yake barazani ndani. Akaanza kusimulia. Nikamtazama usoni. Alipofika kwa mtoto wake wa kwanza, yule aliyefariki hata hajapewa jina, alisita, akanitazama machoni muda mrefu, na mimi sikuyaondoa yangu. Akaendelea. Mengi ya siku ile hajawahi kumwambia hata baba yako.

Baadaye akaniuliza kwa uchungu, “Sasa mbona hwandiki, mwanangu?”

Nikamgeuzia kioo. Kurasa tisa.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso yake. Leso ile ile, ya rangi ya zambarau, nimekufungia katika mzigo unaokuja kwa basi la usiku kutoka Mwembe Tayari. Iko chini ya achari na mabuyu, usiidhanie ni ya kufungia tu. Itandaze juu ya mikono yako. Ukishaweza kuliandika jina la bibi yako mara ishirini bila kuifunua, nipigie simu, hata ikiwa ni usiku.

Mamako akupendaye.